Kati ya Kengele ya Kwanza na ya Pili

Jumapili, 18 Novemba

Nilimpoteza mama yangu Jumatatu iliyopita, tarehe 12 Novemba, jioni, kati ya kengele ya kwanza na kengele ya pili. Jina lake Matalena, umri wake miaka sabini na mmoja. Alikuwa anavuka barabara mbele ya kanisa, anarudi nyumbani kusali. Pikapu iliyobeba magimbi ikamgonga. Hospitali hakuifikia.

Naandika hivi, waziwazi, kwa sababu tangu siku ile watu wote wanazunguka mbuyu ambao haupo. Mchungaji amesema mama ameitwa. Mama mdogo amesema amepumzika. Kaka yangu Asoiva, ambaye ndiye mkuu wa ukoo wetu, amesema yamekwisha. Hakuitwa, hakupumzika, na hayajaisha. Aligongwa.

Yalivyokwisha ni hivi. Jumanne alfajiri nilisikia miguu uani. Mkuu wa ukoo wa dereva alikuwa amekuja na watu wake kutoka kijiji cha pili. Wakaketi chini kwenye matope mbele ya nyumba yetu, vichwa vimeinama, wamejifunika mkeka mwororo wa heshima, ule ambao mwanamke huusuka hata mwaka ukapita. Ndivyo tunavyoombana radhi kwa damu huku kwetu Samoa. Mwenye kukosewa ana hiari: akiuinua mkeka, wanainuka, mnasemezana, chuki inakufa. Asipouinua, watakaa hapo hapo, na lolote litakalowapata wamelitaka wenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya mkeka. Asoiva akatoka, akauinua, akasema, "Inukeni, mtaugua." Watu wakalia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo. Hakuna aliyeniuliza neno.

Sikatai kusamehe. Nakataa kusamehe jambo ambalo halijaelezwa. Mimi ni mfyatua matofali. Nilianza na kalibu moja ya mbao na ndoo mbili, mwaka ambao mume wangu alikwenda ng'ambo, Aukilandi, akasahau njia ya kurudi. Leo nina mashine mbili, lori moja na watu sita. Nikiitwa kwenye ukuta ulioanguka, sianzi kwa kuomba dua. Nauliza mchanga ulikuwa kiasi gani na saruji kiasi gani.

Jumatano, 21 Novemba

Mvua. Matofali ya jana yameyeyuka kama sukari.

Jumamosi, 24 Novemba

Leo nimesimama langoni mwa karakana, kengele ilipokaribia, nikatazama barabara tu. Nimeishi kando yake miaka yote hii, na sijawahi kuitazama kwa makusudi.

Kengele yetu ni mtungi mtupu wa gesi, umening'inizwa kwenye mti karibu na kanisa, shemasi anaugonga kwa nondo. Kengele ya kwanza: acha unachofanya, nenda nyumbani. Ya pili: sala imeanza, kijiji kimefungwa. Vijana wa zamu wanasimama kando ya barabara na fimbo zao, hakuna kutembea, hakuna gari kupita. Ya tatu: mmefunguliwa. Gari likikutwa ndani ya kijiji baada ya ya pili, linasimamishwa mpaka sala iishe, na dereva akijibu kwa jeuri, ukoo wake unatozwa nguruwe. Ndiyo fahari ya kijiji chetu, Vailoto. Vijiji vingine vimelegeza, sisi hatujalegeza.

Basi ilipogongwa ya kwanza nikaona mambo mawili kwa pamoja. Kutoka uwanja wa kriketi, kutoka kanisani, kutoka dukani, watoto na vikongwe wakaanza kuvuka. Na kutoka kwenye kona ya daraja, magari yakaanza kuja mbio. Moja, la pili, la tatu, yote yanataka kuvuka kijiji kabla ya ya pili. Kibao pale kinasema arobaini. Hakuna aliyekuwa karibu na arobaini.

Peniamina, msimamizi wangu, alikuwa ananawa saruji mikononi. Nikamuuliza kama ndivyo ilivyo kila siku. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama bahari ina chumvi.

"Bosi, kengele ya kwanza ni filimbi ya mbio. Madereva wote wanajua. Ukiisikia ukiwa darajani, unakanyaga mafuta au unalala na njaa."

"Na wewe unakanyaga?"

"Mimi natii," akasema, akainama kunawa tena, ingawa mikono ilikuwa imeshatakata.

Nimeamuru lori langu libaki mjini jioni mpaka ya tatu.

Alhamisi, 29 Novemba

Kamati ya wanawake ilikutana kusuka mikeka. Nikawauliza ni nani wamegongwa hapa kijijini tangu kanisa jipya lijengwe, miaka kumi na miwili. Kina mama hawasahau. Faaolo peke yake, ambaye hakumbuki alikoacha miwani iliyo puani kwake, alitaja watano na nguo walizovaa.

Wamepatikana tisa. Umri wao: mitano, sita, minane, tisa, kumi na tisa, sitini na sita, sabini na mmoja, sabini na nne, themanini. Nikawaambia watazame katikati. Kati ya miaka kumi na sitini yupo mmoja tu, na huyo alikuwa amelewa, saa tisa usiku. Wengine wanane wote ni kengele ya kwanza.

"Basi Mungu anawapenda watoto na wazee," akasema mmoja.

"Anawapenda, lakini si kwa bampa ya gari," Faaolo akamjibu, wakacheka, kisha wakarudia kusuka wote.

Nimekaa na jambo hili mpaka taa imeanza kufifia. Watu wazima wenye nguvu hawagongwi kwa sababu kengele ikilia wao hawavuki: wako mashambani, wako mjini, au wako ndani ya hayo magari. Wanaoitii kengele kwa dakika yake ni mtoto anayeogopa kuchapwa na bibi anayemwogopa Mungu. Tunawaua watiifu.

Ijumaa, 30 Novemba

Nimepima. Kutoka alipokanyaga mama lami mpaka kona ambako gari huonekana kwanza ni mita mia na ishirini. Upana wa barabara ni mita sita na nusu. Nimemwambia Faaolo, ambaye ni rika la mama na goti lake ni lile lile, avuke kwa mwendo wake. Sekunde kumi na moja. Mjukuu wangu Lusi, miaka minane, sekunde nne.

Gari la themanini linatoka kwenye kona na kufika kwa mama kwa sekunde tano na nusu. La arobaini linachukua kumi na moja. Maana yake, mama angetazama, angeona barabara nyeupe kabisa, angekanyaga kwa haki yake yote, na bado angekutwa katikati. Si uzembe. Ni hesabu. Na Lusi anayevuka kwa sekunde nne naye hajapona, maana ua wa mihibiskasi kando ya barabara umemzidi kimo. Dereva hamwoni mpaka ameshatokeza.

Jumatatu, 3 Desemba

Nimekwenda kwa Asoiva na hesabu yangu. Alinikaribisha vizuri, kama siku zote. Huwa hali kabla sijala, na samaki wa kwanza kutoka kwenye nyavu zake huja kwangu. Kwetu dada ni agano, kaka amtangulize maisha yake yote, na kaka yangu hajawahi kulivunja kwa chakula.

Nilichoomba ni kidogo. Sala isiguswe, kengele zisiguswe. Vijana wa zamu washuke barabarani kengele ya kwanza badala ya ya pili. Wawili kwenye daraja, wawili mwisho wa pili wa kijiji, waamuru magari yatembee kwa mwendo wa mtu, na wawili mbele ya kanisa wavushe watoto na wazee. Ikigongwa ya pili, mambo yaendelee kama kawaida. Alichotakiwa kufanya Asoiva ni kulisema kwenye baraza la wakuu, ambako mimi siingii.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni maneno mazuri. Kisha akasema, "Lakini dada, mkeka umeshainuliwa. Nikilitaja barazani, watasema tunaudai tena."

Nikamwambia simdai mtu mkeka, nadai vijana sita wenye fimbo. Akanijazia kikombe cha kakao. Nimeondoka nimeshiba na sina kitu.

Asoiva ni mwoga. Sijawahi kuliandika hilo.

Jumapili, 9 Desemba

Mahubiri juu ya uvumilivu. Saa nzima.

Jumanne, 11 Desemba

Nimepanga matofali mabovu pembeni mwa lami upande wangu, nimeyapaka chokaa, watu watembee nyuma yake. Mfereji umejaa maji, kwa hiyo kila mtu alikuwa anatembea juu ya lami na watoto migongoni. Sasa wanapita ndani. Kwa mwenye kutembea inafaa. Kwa mwenye kuvuka haisaidii kitu.

Tolovae, mkuu wa baraza letu, amepita na mwavuli wake, akasimama akatazama. "Fuatino, naona umeanza kujenga serikali yako."

Nikamwambia tofali bovu haliuziki, bora lifanye kazi. Akacheka kwa pua, akaenda zake. Ametembea nyuma ya matofali lakini.

Jumamosi, 15 Desemba

Dereva amekuja.

Peniamina aliniambia kuna kijana langoni tangu asubuhi, amebeba kikapu cha mashelisheli, haingii wala haondoki. Nikajua ni nani. Nikamwacha anyeshewe. Nilifyatua mpaka adhuhuri, na kila nikiinua macho yuko pale, ndala mkononi. Mwishowe nikaona aibu, si kwa ajili yake, kwa ajili ya watu wangu waliokuwa wanatazama.

Anaitwa Tanielu. Ana miaka ishirini na miwili na shingo nyembamba. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani kuwa jitu. Akataka kupiga magoti nikamkataza, nikamwonyesha ndoo iliyogeuzwa, akaketi. Nikamwambia sitaki pole yake, nataka anieleze.

Akanieleza. Alitoka sokoni amechelewa, magimbi hayakuuzika. Alikuwa darajani aliposikia ya kwanza. Mjomba wake, mwenye gari, alikwisha mwonya kwamba akitozwa nguruwe Vailoto mara ya pili, arudishe ufunguo. Akaiona mbele fimbo ya kijana wa zamu aliyekuwa anafunga kikoi chake kujiandaa. Akakanyaga. Mama akatoka upande wa kanisa.

"Alitazama, mama. Naapa alitazama. Lakini alitazama kushoto."

Kabla serikali haijahamishia magari upande wa kushoto wa barabara, yalikuwa yanapita upande wa kulia, na la karibu lilikuja kutoka kushoto. Mama aliishi miaka sitini na ushee akitazama kushoto kwanza. Watoto waliozaliwa baadaye hawajui kwamba kuna namna nyingine. Vikongwe wote wa Vailoto wanatazama kushoto, kisha wanakanyaga, kisha ndiyo wanakumbuka kulia.

Nikamuuliza kama alimweleza mtu mambo haya. Mkuu wake, Asoiva, mchungaji, polisi.

"Polisi waliandika nimegonga. Wengine hawakuuliza." Akafuta uso kwa kiganja. "Walinifunika mkeka, mama. Chini ya mkeka hakuna anayekuuliza."

Nilimpa chai na mkate. Mashelisheli niliyapokea. Nilitaka kumchukia na sasa sina pa kuanzia.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Kiti cha mama hakuna aliyekikalia. Nyama ya kopo, tui la nazi, mvua.

Ijumaa, 4 Januari

Baraza limekutana leo. Asoiva aliniahidi juzi, baada ya kumletea habari za Tanielu, kwamba "pakipatikana nafasi" atasema. Jioni nikamfuata. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua uso.

Nafasi haikupatikana. Lakini nimesikia kwa mke wa katibu jinsi ilivyokosekana. Asoiva alikohoa, akasema dada yangu ana wazo kuhusu kengele. Tolovae akamkatiza, "Dada yako anauza matofali. Sasa anataka kutuuzia na sala?" Wakuu wakacheka. Na kaka yangu, mwenye jina alilolibeba babu yetu, akacheka pamoja nao.

Nilimuuliza kama ni kweli alicheka. Akasema, "Kidogo."

Jumatano, 9 Januari

Redio inasema kimbunga kiko kaskazini, kitapita mbali. Upepo haujaambiwa. Mabati ya Faaolo yametua kwenye mchanga wangu.

Jumamosi, 12 Januari

Leo magari kumi na moja kati ya kengele. Jana tisa. Watoto wanacheza kriketi upande wa pili wa barabara kila jioni mpaka ya kwanza. Shule inafunguliwa tarehe 28. Basi la shule hushusha upande ule ule.

Nimemwambia Lusi avuke baada ya ya tatu. Akasema, "Bibi, nikikutwa nje kwenye sala watanichapa."

Alhamisi, 17 Januari

Nitaandika kwa mpangilio.

Jana, Jumatano. Mvua nyembamba, giza limewahi. Nilikuwa langoni. Shemasi akagonga ya kwanza. Watoto uwanjani wakaacha gongo, wakakimbia wote kwa pamoja, kama tulivyowafundisha. Wakafika barabarani, wakavuka kundi moja. Lusi alikuwa nyuma kwa sababu alirudi kuchukua ndala zake. Wenzake walishavuka. Kutoka nyuma ya ua akatokeza peke yake, akikimbia kuwafuata.

Gari lilikuwa dogo, jeupe. Nililiona kabla yake. Nilipiga kelele, na kelele yangu ikamfanya asimame. Hilo nitakaa nalo. Gari likafunga breki, lami imeloa, likateleza kwa ubavu, likampiga paja. Sauti ilikuwa ndogo mno.

Dereva alikuwa Oliana, mwalimu wa shule ya kijiji cha pili, mwanamke wa makamo, mtu ambaye husalimia kila mtu kwa jina. Alishuka hana viatu, akafika kwa Lusi kabla yangu. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika, mguu umetazama upande usio wake. Lusi alikuwa anauliza ndala zake ziko wapi.

Lori langu lilikuwa mjini kwa amri yangu mwenyewe, na gari la Oliana lilikuwa limeingia mferejini. Peniamina akaleta pikapu ya jirani. Tukamlaza Lusi juu ya mbao ya kalibu, mimi upande mmoja, Oliana upande mmoja. Ndipo ikagongwa ya pili.

Kwenye daraja kijana wa zamu akasimama katikati ya barabara, fimbo juu. Hakuwa ameona kilichotokea, kona inaficha. Peniamina akatoa kichwa dirishani akamwambia kuna mtoto anakufa. Kijana akasema ngoja sala iishe, ameamriwa hata mchungaji asipite. Nikamwambia jina langu. Akatazama chini, fimbo haikushuka.

"Peniamina," nikasema, "nenda."

Akaenda. Kijana akaruka pembeni. Fimbo ikavunja taa.

Daktari amesema Lusi atatembea. Miezi mingi, lakini atatembea. Mguu umening'inizwa kwa uzito. Asoiva alikuja baada ya ya tatu, kwa miguu nusu ya njia, akaketi sakafuni kando ya kitanda usiku kucha ameshika kisigino kizima cha Lusi. Nilimtazama sana. Sikujua niandike nini juu yake. Bado sijui.

Ijumaa, 18 Januari

Alfajiri wamekuja. Watu wa Oliana, wote, na mkeka. Oliana mwenyewe alikuwa mbele kabisa.

Asoiva akatoka. Akainama, akaushika mkeka pembeni, na hapo akasita, akageuka kunitazama. Haijapata kutokea.

Nikatoka nyuma ya nguzo. Nikasema mkeka usiinuliwe kwanza. Minong'ono ikaanza, mama mdogo akanivuta nguo. Nikaketi kwenye matope mbele ya mkeka, nikasema, "Oliana, mjukuu wangu yuko hai, na mimi sikuchukii. Ulikuwa unakimbilia nini?"

Kisha sauti ikatoka chini ya mkeka.

"Kengele. Mama yangu ni mgonjwa, yuko peke yake. Nilijua nikifungiwa hapa, ataketi gizani. Nilifika sabini. Mimi ninayewafundisha watoto kuvuka barabara, nilifika sabini."

Kila mtu uani alisikia. Asoiva alisikia. Katibu wa baraza alikuwepo, alisikia. Nikauinua mkeka kwa mikono yangu mwenyewe, tukakumbatiana, tukalia kama watu.

Jumapili, 20 Januari

Tanielu amekuja hospitali na chungwa moja. Lusi amemuuliza kama yeye ni daktari.

Jumanne, 22 Januari

Asoiva ameleta ujumbe wa baraza. Amesimama mlangoni, hakuketi.

Ukoo wetu umetozwa nguruwe mkubwa mmoja na katoni kumi za samaki wa kopo, kwa sababu gari liliivunja sala na kijana wa zamu alinusurika. Tolovae amesema wanasikitika kwa mtoto, lakini ukifungua mlango kwa mmoja umeufungua kwa wote.

Nilicheka. Nilicheka mpaka Asoiva akaogopa. Mama yangu aliuawa na gari lililoikimbia sheria hii, na dereva hakutozwa na baraza hata kopo moja, maana aliua kabla ya ya pili. Mjukuu wangu akavunjwa kabla ya ya pili. Kosa pekee kijijini miezi hii mitatu ni la aliyempeleka mtoto hospitali.

Asoiva akasema atalipa yeye, nguruwe wake yule mweusi, mimi nisitoe kitu, jambo liishe kimyakimya.

"Sitaki nguruwe wako," nikamwambia. "Nataka mdomo wako."

Mvua ilikuwa inampiga mgongoni na hakuingia. Halafu akasema jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kwamba jina la ukoo, lile la ukuu, alipewa akiwa na miaka thelathini, kwa kura ya Tolovae, wakati wajomba zetu wawili walilitaka. Kwamba tangu siku ile, kila akifungua mdomo barazani, anamwona Tolovae akihesabu deni. Kwamba aliinua mkeka wa mama haraka vile si kwa upole. Alitaka watu waondoke kabla hajalia mbele yao.

Nimeandika Desemba kwamba ni mwoga. Silifuti. Lakini sasa najua woga huo una kimo gani, na kitu chenye kimo kinaweza kurukwa.

Alhamisi, 24 Januari

Asoiva, ukurasa huu ni wako. Nitauchana nikutumie kwa Peniamina asubuhi, maana ana kwa ana unanijazia kakao.

Keshokutwa Jumamosi baraza linakutana. Jumatatu shule inafunguliwa. Nimehesabu watoto watakaoshushwa na basi upande wa pili wa barabara na kurudi jioni kucheza kule kule: thelathini na wanne, wote chini ya miaka kumi na miwili. Vikongwe wanaovuka kwa sala ni kumi na tisa, na kumi na tisa wote bado wanatazama kushoto. Nimewajaribu mmoja mmoja. Hamsini na watatu, kila jioni, kati ya kengele ya kwanza na ya pili.

Nguruwe nimekwisha mnunua, na katoni zimekwisha fika kwa katibu. Nimelipa leo, mbele ya watu, ili asitokee wa kusema nadai kwa sababu ya faini. Simdai Tolovae kitu. Simdai Oliana wala Tanielu. Kijana wa fimbo nimemsamehe, alifanya alichotumwa. Nataka atumwe vingine.

Nakudai wewe, neno moja. Jumamosi, barazani, utasimama useme kwa jina la ukoo wetu: vijana washuke barabarani kengele ya kwanza. Wakikucheka, utasema tena. Watakapouliza ni nani amelisema, hutasema ni dada yangu, utasema ni mimi.

Ukikataa, sitakulaani. Najua watu wanaogopa laana ya dada, na najua nawe unaiogopa. Mimi sijui kulaani, najua kuuliza. Ukikataa, samaki wa kwanza baki naye, na Jumamosi nitaingia barazani mwenyewe na mbao niliyomlazia Lusi, nikae mbele yenu, wanitoe kwa mikono. Utachagua ukae upande gani.

Usiniambie pakipatikana nafasi. Usiniambie tuone. Usiniletee chakula.

Utasema, au hutasema? Nataka ndiyo au hapana, kutoka kinywani mwako, langoni mwa karakana yangu, kesho Ijumaa kabla shemasi hajaigonga ya kwanza.